Skrini Nyeusi Pale Ombaci

Popote ulipo jioni hii, iwe Arua mjini, Koboko, Nebbi, au ng'ambo ya mpaka kule Ariwara ambako sokoni watu huelewana kwa Kiswahili, karibu tukae pamoja kidogo.

Jioni moja ya kiangazi, nyumbani Ombaci, nje kidogo ya Arua mjini, mpwa wangu alimaliza kuunganisha kompyuta. Hakuinunua nzima. Alikuwa amekusanya vipande vyake kwa miezi mingi: kasha lilitoka kwa fundi wa Arua mjini, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, na madabodi, ubao unaobeba vipande vingine, vilipanda basi la usiku kutoka Kampala, ramu mbili, yaani vijibao vya kumbukumbu, zilikuwa za rafiki aliyekuwa amezitumia kabla yake, na monita ilitoka katika ofisi iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Siku hiyo alivipanga vyote mezani juu ya kitambaa safi, akavifunga kimoja kimoja kwa bisibisi, akachomeka nyaya. Watoto wa jirani walijazana mlangoni. Akabonyeza kitufe.

Feni zikazunguka. Taa ndogo ya bluu ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

Tukangoja. Hakuna maandishi, hakuna picha, hakuna mlio. Kijana akanigeukia, machozi yanamlengalenga, akasema, "Mjomba, imekufa."

Nataka tuzungumze juu ya dakika ile, kwa sababu najua wengi wenu mmeipitia au mtaipitia. Yale unayoyafanya baada ya skrini kukataa ndiyo yanayoamua kama utakuwa na kompyuta, au utakuwa na rundo la vipande na deni. Tangu utoto tumeambiwa kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nilidhani methali hiyo naijua. Usiku ule nilijifunza kwamba nilikuwa naikariri tu.

Nitawaambia wazi tulivyokosea ili ninyi msirudie. Tulishika mambo yote kwa mpigo. Yeye alichomoa ramu zote mbili akazibadilishana nafasi. Mimi, hapo hapo, nikahamisha waya wa monita. Jirani akashauri soketi ya chumba cha pili, tukalibeba kasha zima tukahamia huko. Tukang'oa diski. Tukairudisha. Tukabonyeza kitufe, tukakishikilia, tukakiachia. Ilipofika saa sita usiku, hata feni zilikuwa hazizunguki tena.

Sasa tukawa na magonjwa mawili: lile ambalo mashine ilizaliwa nalo, na lile tulilolitia sisi. Na kwa kuwa tulikuwa tumegusa mambo matano bila kuandika hata moja, hakuna aliyeweza kusema ni lipi lililozima feni.

Kwa mtu wa Kampala kosa kama hilo lina dawa ya haraka. Anashuka ngazi, anavuka barabara, anampa muuzaji kipande, kinajaribiwa pale pale. Sisi tuko mbali. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Unavuka Nile pale Pakwach, unaivuka tena Karuma. Wa Koboko wanaongeza zaidi ya kilomita 50 juu ya hizo. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa miezi mitatu likitengenezwa, sote tuliona jinsi safari na mizigo ya mkoa mzima inavyotegemea daraja moja. Kipande unachokirudisha kwa basi kinakula nauli, kinakula siku, na mara nyingi kinarudi na jibu linaloumiza: hiki ni kizima, hakina tatizo. Ndiyo maana nasema kwamba huku kwetu, kujua kupima kosa nyumbani ni akiba kama mtama ulio ghalani.

Kabla sijawaambia asubuhi ilikuwaje, nirudi nyuma kidogo. Mashine hii ina ukoo, na ukoo huo unakutana na historia yetu mahali ambapo siwezi kupasahau.

Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi waliingia katika misheni ya Ombaci, ambako wananchi walikuwa wamekimbilia wakiamini kwamba ua wa kanisa utawasitiri. Waliuawa watu wengi siku ile, wanawake na watoto wakiwamo. Katika miaka ile watu wa mkoa wetu wa West Nile kwa maelfu walivuka mpaka, wengine Zaire, wengine Sudan, wakaishi ugenini miaka mingi. Majuma saba kamili baada ya siku ile ya Ombaci, tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya IBM ilitangaza mjini New York kompyuta ndogo ya mtu binafsi ambayo muundo wake ulikuwa wazi. Kampuni nyingine ziliweza kutengeneza vipande vinavyooana nayo. Ndiyo sababu hadi leo unaweza kununua madabodi ya kampuni hii, ramu ya kampuni ile na diski ya kampuni ya tatu, ukavifunga nyumbani vikaelewana.

Wakati dunia inaanza kuingiza kompyuta majumbani, mtu wa Ombaci alikuwa akizika, au akikimbia. Basi ninapomwona kijana aliyezaliwa hapa hapa akifunga madabodi kwa bisibisi juu ya meza ya mama yake, siwezi kuliita jambo lile mchezo. Yale machozi yake yaliniuma. Nikamwambia, "Mwanangu, tulale. Kesho tutaanza na daftari."

Asubuhi tuliandika sheria moja juu ya ukurasa wa kwanza: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uguse kingine. Na tukakubaliana kuanzia mbali, ukutani, tukija karibu, kwenye moyo wa mashine, bila kuruka hatua.

Ukutani tulichomeka taa ya mezani. Ikawaka. Tukaandika: soketi nzima. Tukafuata waya hadi nyuma ya kasha, kwenye pawa saplai, lile sanduku la chuma linalogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa kulisha vipande. Nyuma yake pana swichi ndogo yenye alama mbili, mstari na duara. Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Yetu ilikuwa kwenye duara. Tulipolibeba kasha usiku kwenda chumba cha pili, mkono wa mmoja wetu uliigusa. Tukaibonyeza, feni zikazunguka. Ugonjwa wa pili, ule wa kwetu wenyewe, ulikuwa umepona kwa kidole kimoja. Fikiria kama tungekuwa tumeipeleka pawa saplai ile Kampala.

Na hapa niweke maonyo mawili. Pawa saplai usiifungue kamwe. Ndani yake mna vyombo vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya, na umeme huo unaweza kuua. La pili, ukinunua pawa saplai ya zamani, tazama kama nyuma ina kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Umeme wetu Uganda ni volti 240. Kiswichi kikiwa kwenye 115, siku ya kwanza utakapowasha utasikia mlio mmoja tu, na moshi.

Kwa kuwa tumegusa umeme, tukae hapo kidogo, maana mkoa wetu una hadithi yake. Gridi ya taifa haikutufikia hadi Agosti 2024. Kabla ya hapo tuliishi na kampuni ya WENRECO, iliyoanza kazi mwaka 2003 kwa jenereta, kisha mwaka 2012 bwawa la Nyagak kule Zombo likaongeza megawati 3.5. Wengi wetu tulikulia kwenye umeme wa saa chache kwa siku. Lakini gridi kufika hakuna maana kwamba umeme hautakatika wala hautapanda na kushuka. Kompyuta ya mezani, tofauti na ile ya mpakato, haina betri ya kuibeba umeme ukikatika. Ukiweza, ipatie betri ya akiba, ile inayoitwa yu-pi-esi, hata ndogo, ikupe dakika kumi za kuzima vizuri. Kama nyumba yako inatumia sola, muulize fundi kama inveta yako inatoa wimbi safi. Inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi, na pawa saplai nyingine hulikataa: kompyuta inazima ghafla ukadhani madabodi ni mbovu.

Kisha kuna waya wa ardhi. Umewahi kugusa kasha la kompyuta ukasikia vidole vinawashwa, kama unaumwa na siafu wadogo? Maana yake umeme unaotakiwa kushuka ardhini hauna njia. Ama plagi ya pini tatu imeingizwa kwenye adapta ya pini mbili, ama fimbo ya shaba nje ya nyumba imewekwa juu juu, na kiangazi udongo umekauka. Usizoee hali hiyo. Ita fundi umeme. Na wingu jeusi likitanda, chomoa kila kitu ukutani. Hapa Arua, Agosti 2020, radi iliwaua watoto waliokuwa wamejikinga na mvua. Hatuhitaji kukumbushwa kwamba radi haina mzaha, na hakuna kifaa cha nyumbani kitakachoizuia.

Turudi mezani. Feni zinazunguka, skrini bado nyeusi. Tukavua mashine nguo zote zisizo za lazima. Diski nje. Flashi nje. Nyaya za mbele za kasha nje, isipokuwa ule wa kitufe. Tukabaki na pawa saplai, madabodi, prosesa na feni yake, ramu moja, na monita. Kompyuta haihitaji diski ili ionyeshe picha ya kwanza. Kadiri unavyopunguza vipande, ndivyo unavyopunguza washukiwa.

Mshukiwa wa kwanza: monita. Tuliichomekea dekoda ya runinga. Ikaonyesha picha. Tukaandika: monita nzima, waya mzima. Hapo muulizane pia jambo ambalo huwapoteza wengi: prosesa yako ina uwezo wa picha ndani yake au haina? Zipo zisizo nao, na hizo lazima zipate kadi ya picha. Na kama kadi ipo, waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi lililo juu yake. Yetu ilikuwa na uwezo huo, tukasonga mbele.

Mshukiwa wa pili: waya wa umeme wa prosesa. Madabodi hulishwa mahali pawili. Pana plagi pana ya pini 24, hiyo kila mtu anaiona. Na pana nyingine ndogo, ya pini 4 au 8, juu kabisa karibu na prosesa, imejificha pembeni. Ukiisahau hiyo, feni zitazunguka kama kawaida lakini ubongo hautapata chakula. Tuliikagua: imeingia mpaka mwisho. Tukaandika.

Sasa nifafanue kitu ambacho sikukijua vizuri mpaka siku ile. Kompyuta za ukoo huu, tangu ile ya 1981, zikiwashwa hujipima zenyewe kabla ya jambo lolote: je, prosesa ipo, ramu ipo, picha ipo? Zikiona kasoro, zinalia. Mlio mmoja mfupi, au mingi, au mirefu, kila kampuni na lugha yake, na maana yake imeandikwa katika kijitabu kinachokuja na madabodi. Madabodi nyingi za siku hizi huwa na vitaa vinne vidogo badala ya sauti: kimoja cha prosesa, kimoja cha ramu, kimoja cha picha, kimoja cha diski, na kile kinachobaki kimewaka ndicho kinachotaja mgonjwa. Yetu haikuwa na vitaa, na kasha halikuwa na spika. Kwa hiyo usiku ule mashine ilikuwa ikilia bila mdomo.

Tulipata spika ndogo ndani ya kompyuta kuukuu iliyokufa zamani, kitu cha ukubwa wa kifungo chenye waya mfupi. Tukaichomeka kwenye pini zake. Kisha tukafanya jaribio moja ambalo nawaomba mlikumbuke: tukachomoa ramu zote, tukawasha.

Ikalia. Piii, piii, piii.

Wasikilizaji, sijawahi kufurahia kelele kama ile. Mashine isiyo na ramu ikilia, maana yake prosesa inafikiri, madabodi inasikia, na pawa saplai inalisha. Vipande vitatu vya bei kubwa kuliko vyote vilikuwa vimejitetea vyenyewe kwa mlio ule. Mpwa wangu aliandika kwa herufi kubwa: MADABODI NZIMA. PROSESA NZIMA.

Zikabaki ramu. Tulizima, tukachomoa waya ukutani, naye akagusa chuma cha kasha kwanza ili kutoa ule umeme wa mwilini unaotushika wakati wa kiangazi nguo zikisuguana. Umeme huo huusikii lakini unaweza kuiua ramu. Akatia ramu ya kwanza peke yake, akaisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka vibanio vya pande zote vikasema ta, ta. Tukawasha. Mlio mmoja mfupi, na skrini ikafunguka: nembo ya kampuni ya madabodi, maandishi meupe, saa na tarehe.

Watoto mlangoni walipiga makofi. Mimi nilimzuia kijana asikimbilie furaha. "Bado moja," nikamwambia. Akaitoa ile, akatia ya pili kwenye nafasi ile ile. Nyeusi. Nafasi ni moja, kilichobadilika ni ramu tu, kwa hiyo kosa halikuwa na pa kujificha. Tukaitazama mwangani. Yale meno yake ya dhahabu yalikuwa na utando wa vumbi na jasho la vidole. Tukayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, tukapangusa kwa kitambaa kikavu, tukairudisha. Picha ikaja. Tukazitia zote mbili. Picha ikaja.

Hayo yote, tangu taa ya mezani hadi kifutio, yalichukua chini ya saa mbili. Usiku tulipoteza saa tano na tukatoka na hasara. Mikono ilikuwa ile ile, mashine ile ile. Kilichozidi ni daftari na kukubali kungoja.

Kabla ya kuendelea tuliiacha mashine ijaribu ramu zake usiku kucha kwa programu ya bure iitwayo Memtest86+, inayoendeshwa kutoka kwenye flashi. Ramu yenye kosa dogo ni mwongo mbaya: huonyesha picha leo, kisha wiki ijayo inaharibu faili zako ukalaumu diski. Asubuhi jedwali lilisema makosa sifuri. Tukaandika.

Sasa mfumo endeshi. Kompyuta iliyoonyesha picha bila mfumo endeshi ni nyumba iliyoezekwa ambayo bado haina mtu ndani. Hapa vijana wengi hukimbilia kopi ya Windows iliyovunjwa kufuli, inayouzwa ndani ya flashi kwa bei ya soda chache. Nawasihi, msiingie huko. Aliyevunja kufuli la programu kwa ajili yako ameingia nyumbani kwako kabla yako, na siku hizi kompyuta hizo hizo ndizo zinazobeba nywila za pesa zetu za simu na benki. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka angalau ramu ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ukiambiwa mashine yako haifai, usikate tamaa upesi: kwenye madabodi nyingi kijisehemu hicho kipo lakini kimezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe.

Sisi tulichagua Ubuntu. Ni mfumo wa bure uliojengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki. Ubuntu wenyewe ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake wengi wanaosema lugha za Kibantu wanalisikia bila mkalimani: ni utu. Hadi mwaka 2011 walikuwa wakituma sidii bure kwa posta, popote duniani. Leo unaupakua, na toleo la miaka mingi hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5.

Kupakua ndiko kulikotupiga tena. Faili ya toleo la 24.04 inakaribia GB 6, na sote tunajua bando la ukubwa huo linauma vipi. Tulipakua, tukaiandika kwenye flashi, tukabonyeza F12 wakati wa kuwasha ili tuchague flashi badala ya diski; kwenye mashine nyingine ni F11, F8 au Esc. Ufungaji ukaanza, ukafika katikati, ukakwama na neno la kosa.

Kijana alinyoosha mkono kuelekea diski. Kisha akaurudisha mwenyewe, akafungua daftari. "Mjomba," akasema, "kitu kimoja. Diski haijafanya kosa lolote bado. Kitu kigeni hapa ni faili."

Kila faili ya namna hii hutolewa pamoja na alama yake ya vidole, mstari wa herufi na tarakimu 64. Kompyuta yako inaweza kuihesabu alama hiyo kutoka kwenye faili uliyopakua, kisha unalinganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili si ile. Tulipolinganisha, mstari ulikuwa tofauti kabisa: intaneti ilikatika mahali fulani usiku, faili ikaungwa vibaya. Tukapakua upya kwa njia ya torenti, ambayo hukagua kila kipande kinapoingia na kuendelea pale ilipoishia hata mtandao ukikatika mara kumi. Alama zikalingana. Tukangoja saa ambayo umeme huwa umetulia mtaani kwetu, betri ya akiba ikiwa imejaa, tukafunga mfumo kwa muda usiofika nusu saa.

Kulikuwa na jambo moja la mwisho. Mfumo ulikataa kufungua tovuti yoyote, ukilalamika kwamba vyeti vya usalama si halali. Tukatazama saa: mashine iliamini ipo miaka kadhaa nyuma. Kibetri cha duara cha madabodi, kile cha volti 3 kiitwacho CR2032, kilikuwa kimekufa, na kila tulipochomoa waya mashine ilisahau tarehe. Kibetri kipya kutoka duka la saa, Arua mjini, kikamaliza maneno.

Sasa niseme kwa nini nimewachukulia muda wote huu. Tuna Chuo Kikuu cha Muni hapa hapa kinachofundisha teknolojia ya habari. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita nchini kote husoma Sub-ICT au Sub-Math. Kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, shirika la CTEN lililoanzishwa na wakimbizi wa Sudan Kusini linafundisha vijana kompyuta, na moyo wangu huguswa nikikumbuka kwamba tulikuwa sisi wakimbizi kwao. Mbegu zipo. Lakini ufundi wa kutafuta kosa hauingii kwa kukariri majina ya vipande. Unaingia mikononi, kosa kwa kosa, na lazima mtu aliye karibu nawe akuruhusu kukosea bila kukuita mharibifu. Wazazi, nawaomba mtoe ruhusa hiyo.

Na lugha isiwe kisingizio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Maneno yapo, na yasiyokuwapo tutayaunda tukifanya kazi. Daftari la mpwa wangu lina kurasa za Kiswahili, na pembeni ameandika maelezo kwa Kilugbara ili mama yake aelewe.

Mwezi uliopita daftari lile lilisafiri. Shangazi yetu mmoja wa Koboko ana kompyuta katika chumba chake cha kuchapa barua na fomu, na ilikuwa ikizima kila baada ya dakika ishirini. Alikuwa ameshaambiwa anunue madabodi mpya, na alikuwa ameanza kutafuta mkopo. Mpwa wangu alifika, akamwomba kiti na kikombe cha maji, akafungua ukurasa mpya. Ukutani: nzima. Kitu kimoja. Akafungua kasha, akawasha, akaangalia tu kwa dakika kadhaa. Feni ya prosesa ilizunguka, lakini chini yake mbavu za chuma za kutolea joto zilikuwa zimezibwa na vumbi jekundu la barabara yetu, limeshikamana kama udongo wa kichuguu. Ubongo ulikuwa ukipata homa na kujizima ili usiungue. Akazima, akazisugua kwa mswaki, akapangusa, akapaka pesti mpya ya joto kati ya prosesa na mbavu zile. Mashine ikafanya kazi hadi jioni.

Shangazi alimuuliza anamdai kiasi gani. Akamjibu, "Shangazi, nipe nauli tu, na uniruhusu niandike." Akaandika.

Kama jioni hii ipo skrini nyeusi mbele yako, na mkono wako umekwisha kunyooka kuchomoa kitu, urudishe. Tafuta kalamu kwanza. Andika: soketi.